Kitambaa ni cha Nani?

Ukishuka kituo cha Mombasa pale Ukonga, usidhani umevuka mpaka. Hii ni Mombasa ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu. Unaupita uwanja wa ndege, unaiacha njia panda ya Banana, na kabla hujafika Gongo la Mboto konda anagonga bodi ya daladala kuuliza kama kuna wa kushuka. Kando ya barabara, kati ya duka la dawa na kibanda cha wakala wa fedha za simu, hukosi fremu ya fundi: cherehani mbili, kioo kirefu, futikamba shingoni mwa mwenyewe, na ukutani mabango ya mishono yaliyopauka kwa jua. Mteja huja na vitu viwili, mfuko wenye kitenge na simu yenye picha.

"Fundi, nataka hivihivi, ila mkono uwe mrefu."

Mfuko ule ndio habari yenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja ushonaji wa jiji hili umezunguka swali moja ambalo watu hulijibu kila siku bila kuliuliza: kitambaa ni cha nani? Kuna wakati kilikuwa cha mwenye duka, kuna wakati kilikuwa cha serikali, na kuna wakati kilikuja kikiwa kimeshashonwa na kuvaliwa na mtu asiyejulikana huko Ulaya. Leo mara nyingi ni cha mteja. Kijana wa Ukonga anayetaka aitwe mbunifu wa mavazi, asiishie kuitwa fundi, huvuka mstari siku anaponunua kitambaa kwa fedha yake mwenyewe na kukitia mkasi bila kujua nani atakivaa. Ni siku ya kuogofya, na haikuja jijini jana.

Kabla ya cherehani, kitambaa kilikuwa fedha. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba majora ya merikani, pamba ngumu isiyotiwa rangi iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya Sayyid Said kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Hongo ililipwa kwa nguo, wapagazi walilipwa kwa nguo, na kipimo kilikuwa mkono wa mtu: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861, njia hiyo ikakatika na nguo za Bombay zikapata nafasi. Neno doti limebaki nasi, ingawa leo mtu akilitaja Kariakoo anamaanisha khanga mbili ambazo bado hazijatenganishwa.

Nguo ilikuwa pia hati ya mtu. Unguja mtumwa alijulikana kwa merikani yake au kwa kaniki, ile nguo ya rangi ya nili. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, watu waliotoka katika unyonge huo waliitafuta nguo nyingine kwa bidii ambayo wanahistoria wa Zanzibar wameiandikia kurasa nyingi. Khanga ilikuwa imeshafika. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Unguja (au wa Mombasa, inategemea anayesimulia ni mwenyeji wa wapi) walichoka kununua leso mojamoja. Wakaomba wakatiwe sita kwa pamoja, wakaziunga tatu kwa mbili, wakapata vazi pana ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimelifikiria. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa kwa kipande kimoja, yenye pindo na mji wake. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na maneno "Mali ya Abdulla" bado yanasomeka kwenye khanga za nyumba yake.

Kwa hiyo anayemtafuta mbunifu wa kwanza wa mavazi wa pwani hii atafute mteja. Jina lake hatulipati. Tunachojua ni kwamba alisimama mbele ya kaunta akakataa kununua nguo kama ilivyopangwa.

Maneno ya kazi hii yanataja njia yalizopitia. Leso ni ya Wareno. Mkasi na bitana vimetoka kwa Waarabu. Darizi ni ya Waajemi, na cherehani nayo imezaliwa na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu, ndugu wa charkha aliyokuwa akizungusha Gandhi. Zipu ikaja na Waingereza. Fundi mmoja akitaja vifaa vilivyo mezani kwake anakuwa ameitembeza Bahari ya Hindi nzima bila kuinuka kwenye stuli.

Cherehani zenyewe, Singer za kukanyaga kwa mguu, zilienea pwani mwanzoni mwa karne ya 20, na mahali pake palikuwa barazani. Dar es Salaam ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza ilikuwa na maduka ya nguo Uhindini, kisha yakasogea kuelekea Kariakoo, mtaa uliorithi jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndani ya duka kulikuwa na marobota na mwenye mali, nje barazani kulikuwa na fundi. Mteja alichagua kitambaa kwenye rafu, akalipa, akatoka hatua tatu, akapimwa. Mafundi wa mwanzo wengi walikuwa Wahindi, baadhi wakiwa wa koo ambazo kushona kulikuwa urithi wao tangu Gujarati, na Waafrika walijifunza kwa kukaa pembeni yao.

Mafunzo hayo hayakuwa na cheti. Mwanafunzi alianza kwa kuwasha pasi ya mkaa na kuipepea. Akafuata vifungo, akafuata pindo, kisha siku moja akaachiwa cherehani wakati fundi ameenda kula. Mkasi ulikuwa wa mwisho. Sababu ilikuwa wazi: mshono ukikosewa unafumuliwa, lakini nguo ikikatwa vibaya kuna mtu lazima alipe, na mtu huyo hakuwa mwanafunzi. Katika fremu nyingi za Ukonga utaratibu ni uleule hadi leo, isipokuwa pasi sasa ni ya umeme na luku inaweza kuisha katikati ya kola.

Baada ya uhuru swali la kitambaa likachukuliwa na serikali. Nchi inayolima pamba Sukumaland, iliuliza Tanzania ya Azimio la Arusha, kwa nini inunue khanga kutoka India na Japani? Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Ubungo. Mwanza ikapata Mwatex. Na huku kwetu, mwendo mfupi tu kutoka kituo cha Mombasa, Kiltex ilikuwa ikivuma Gongo la Mboto. Ukonga na jirani zake zilikuwa upande wa jiji ambako nguo ilitoka kwenye mashine. Lilikuwa pia eneo la sare, kama lilivyo mpaka sasa: gereza la Ukonga na chuo cha maofisa wa magereza, kambi ya FFU, kikosi cha Airwing. Ni sehemu chache za Dar es Salaam ambako mtoto hukua akiona gwanda za aina nyingi hivyo kabla ya saa mbili asubuhi.

Serikali iliyotengeneza kitambaa ilitaka pia kusema kivaliwe vipi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ingekuwa marufuku kuvaa sketi za mini, mawigi na suruali za kubana, au kutumia dawa za kuchubua ngozi. Tarehe haikungojwa. Ndani ya siku chache makundi ya vijana yaliwavamia wasichana karibu na kituo cha mabasi cha Kariakoo, wengine wakachaniwa nguo. Kurasa za barua magazetini zikawaka. Wapo waliosifu, na wapo waliouliza swali gumu: ikiwa mini imekataliwa kwa sababu ni ya kigeni, suti ya waziri imefumwa kijiji gani? Mashindano ya urembo nayo yakapigwa marufuku, mwaka mmoja tu baada ya Theresa Shayo kuvikwa taji la Miss Tanzania, na hayakurudi hadi 1994.

Marufuku yanaandikwa kwenye maazimio, lakini hutekelezwa au huvunjwa kwenye cherehani. Miaka ya 1970 vijana wa Dar walivaa bugaluu na pekosi, suruali zilizobana pajani na kumwagika chini. Hazikuwa zikianguka kutoka mbinguni. Kuna fundi aliyefumua suruali ya kawaida kuanzia gotini na kutia kipande cha pembetatu, pengine cha rangi nyingine kwa kuwa ile ya kwanza haikupatikana. Bendi za dansi zilishonewa sare za jukwaani, na wanamuziki waliotoka Kongo, kama wale wa Orchestra Maquis, waliingia na macho yaliyozoea mishono ya Kinshasa na Lubumbashi. Kipindi ambacho kwenye karatasi kilikuwa cha kukataza mitindo kiliwafundisha mafundi wengi kubuni. Mwandishi huyu anaona hiyo ndiyo shule ya kwanza ya ubunifu wa mavazi jijini, ingawa hakuna aliyeipa jina hilo.

Kisha kitambaa kikaadimika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, viwanda vilivyokosa vipuri na umeme: yote yalikutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 doti ya khanga ilikuwa kitu cha kupangia foleni au kupata kwa kujuana. Msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, uliwafanya hata waliokuwa na nguo ndani waogope kuonekana nazo. Fundi asiye na kitambaa ni mtu aliyekaa mbele ya chuma. Mafundi walibaki na viraka, kugeuza kola iliyochakaa upande wa pili, na kukata gauni la mama kuwa la mtoto.

Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1984, biashara ya nje ilipolegezwa, na Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata watu wakamwita Mzee Ruksa. Yakaja marobota ya mitumba. Watani waliziita kafa Ulaya, kana kwamba kila shati limeachwa na marehemu. Nguo zilikuwa nzuri, imara, za bei ndogo, na kwa viwanda vilivyokuwa vinapumua kwa shida zilikuwa pigo. Katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990 vingi vilifungwa au kubadilisha mikono. Urafiki ikawa kampuni ya ubia na Wachina. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi inaendelea kupakiwa melini ikiwa imechambuliwa tu, haijasokotwa.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo za mitumba sokoni hatua kwa hatua hadi 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafuu ya ushuru ya AGOA. Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu kwa upande wa nguo; Tanzania ikarudi nyuma. Mitumba ikabaki soko la Karume, Ilala, na hata moto ulioteketeza soko hilo Januari 2022 haukuiondoa biashara jijini.

Lakini kuitazama mitumba kama adui wa fundi tu ni kuona nusu ya duka. Suruali iliyokatwa kwa kiuno cha Mjerumani haimkai kijana wa Majohe, na hapo ikazaliwa kazi ya kupunguza. Pembeni ya kila soko la mitumba kuna safu ya vijana wenye cherehani, wanafumua, wanabana, wanakata urefu, mteja akisubiri na taulo kiunoni. Kijana aliyefumua makoti mia mbili ya Ulaya anajua bega limejengwaje, pedi imekaa wapi, bitana imeshikizwa kwa mshono gani. Hakuna mwalimu angemletea makoti mia mbili darasani.

Wakati huohuo jina la mtengenezaji likaanza kuwa na thamani. Miss Tanzania iliporudi 1994, palihitajika magauni ya jukwaani, na magauni yalihitaji mtu wa kutajwa. Asia Idarous Khamsin wa Fabak Fashions alijenga heshima iliyomfanya aitwe Mama wa Mitindo, khanga ikiwa mkononi mwake kitu cha kukatwa na kupambwa, si cha kujifunga tu. Khadija Mwanamboka aliunganisha majukwaa ya mavazi na misaada ya watoto yatima kupitia Tanzania Mitindo House. Mustafa Hassanali alisomea udaktari, akaishia kwenye mavazi, na mwaka 2008 akaanzisha Swahili Fashion Week, jukwaa la Dar es Salaam lililokusanya wabunifu wa ukanda wote wa Kiswahili na kuwatengea chipukizi shindano lao. Martin Kadinda akajulikana kwa suti za kifungo kimoja. Christine Mhando aliipeleka khanga London kwa lebo ya Chichia.

Mwaka uleule wa 2008, New York, Max Osterweis alianzisha lebo ya Suno akianzia na khanga za zamani alizozikusanya Kenya, na nguo zake zikafika hadi kwa Michelle Obama. Habari hiyo huwakera wabunifu wa hapa na kuwatia moyo kwa wakati mmoja. Inakera kwa sababu khanga ilikuwa mlangoni kwao. Inatia moyo kwa sababu ileile.

Kutoka majukwaa ya mitindo ya Dar es Salaam hadi Ukonga ni kama kilomita 15 na foleni mbili. Kijana wa hapa anayeanza leo ana njia kadhaa. Anaweza kwenda VETA Chang'ombe, Temeke, akasomea ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo. Mamlaka ya VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na cheti chake humfungulia mtu milango ya viwanda na taasisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya nguo na ubunifu wake kwa anayefika huko. Wengi zaidi bado hupitia njia ya barazani, miezi au miaka chini ya fundi, siku hizi mara nyingi fundi mwanamke, mbele ya Butterfly ya Kichina badala ya Singer.

Anayetoka huko akafungua fremu yake hukutana na hesabu. Kodi ya fremu mara nyingi hutakiwa ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Cherehani moja haitoshi, maana bila ovaloki kingo za nguo zinachambuka, na ovaloki ni mashine nyingine. Asiyenayo hukimbiza nguo kwa jirani na kulipia kila moja. Jina la biashara husajiliwa BRELA. Kisha wanakuja wateja na mifuko yao: sare za sendofu, vitenge vya kicheni pati, dera la kupunguza, gauni la kipaimara. Kila kimoja kina picha ya mtu mwingine. Mteja hatoi fedha ya kitambaa kwa fundi, hivyo fundi hapati faida ya kitambaa. Anauza saa zake tu, na saa za siku zina kikomo. Hapo ndipo sifa mbaya ya mafundi ilipotokea, ile ya "njoo kesho". Fundi hupokea kazi kumi zenye nafasi ya sita kwa sababu malipo ya awali ya zile nne ndiyo kodi ya mwezi. Wiki ya Idi au ya Krismasi, sauti zinazosikika kwenye fremu za Mombasa si za kuchapishwa.

Picha nayo ina ugomvi wake. Mbunifu akitoa mshono mpya Jumamosi na kuuweka kwenye simu, Jumatano utakuwa umeletwa kwa fundi wa mtaa wa pili kwa bei nusu. Wenye hasira huuita wizi. Wanaokumbuka historia wanajua kwamba ufundi huu uliishi kwa kuigana tangu wanawake wa leso sita, na kwamba walioiga walilazimika kubadilisha kitu kwa kuwa kitambaa hakikufanana.

Na hapo tunarudi kwenye mkasi na fedha ya mtu. Kitambaa cha kwanza ambacho kijana wa Ukonga hununua kwa hatari yake mwenyewe mara nyingi hakina maua wala rangi za kung'aa. Ni jora la bluu. Shule hufunguliwa Januari, eneo limejaa shule za msingi na sekondari, na mzazi anayekuja siku mbili kabla hana muda wa kwenda Kariakoo; anataka sketi iliyo tayari. Kwa hiyo Desemba, wateja wa Krismasi wakipungua, kijana huamka mapema, hupanda daladala la Kariakoo, huzunguka Kitumbini na Mtaa wa Uhuru akilinganisha bei, na kurudi na tetroni ya bluu na nyeupe begani. Anakata kwa kukadiria: darasa la kwanza, la tatu, la tano. Hakuna aliyeagiza. Zisipouzwa, ni zake.

Zikiuzwa, salio huenda Kariakoo tena, safari hii kwenye vitenge. Ndiyo maana mwezi Februari kwenye baadhi ya fremu hizo utaona sketi tatu za shule zilizobaki zimening'inia kwenye msumari mmoja na gauni ambalo halina mwenyewe, lenye mkono wa aina yake, na ndani ya kola, kwa uzi mweupe, kipande kidogo cha utepe chenye jina la aliyelishona.